Machi Si Mwezi wa Kula

Kila aliyetaka kuja Donostia, mji wa pwani, kwa ajili ya kula, akaulizia kwenye nyumba ya wageni ya Garbiñe msimu gani ulio bora, alijibiwa Septemba. Jodari mweupe bado yupo sokoni, pilipili hoho zimeiva, uyoga wa kwanza unashuka kutoka milimani, na watu wa kiangazi wameshakunja miavuli yao ya ufukweni wakarudi kwao. Hivyo ndivyo alivyowaambia wageni, na ndivyo alivyomwambia mdogo wake Beñat, aliyekuwa na mkahawa wake Montevideo, ng'ambo ya pili ya bahari. Ukija, njoo Septemba, alimhimiza miaka nenda miaka rudi, naye Beñat akicheka na kusema iko siku.

Siku yenyewe ilikuja vibaya. Mwezi wa Novemba Beñat alipiga simu akasema safari hii hatanii. Mkewe amechoka kusikia sifa za vyakula asivyovijua, na watoto wanakua bila kuonja hata tonge la kwao. Mwakani wangekuja wote, Septemba, kama dada alivyowafundisha, wale mpaka washindwe kuinama. Garbiñe alijibu vizuri, vizuri sana, kisha akabaki ameketi jikoni, simu mapajani, hajui asimame au aendelee kukaa. Wiki ileile daktari alikuwa amemvuta pembeni akamweleza kwamba ugonjwa wa baba yao umeshaingia kwenye ini, na kwamba asijipe tumaini la kufika naye kiangazi.

Beñat hakuwa na habari, na baba yao, Mzee Eusebio, hakutaka awe nayo. Alilisema hilo walipotoka hospitali, wakiwa kituoni wanasubiri basi kwenye mvua.

"Usimwambie. Akija, aje kwa ajili ya tumbo lake. Asije kwa ajili ya jeneza langu."

"Baba, yule ni mwanao."

"Ndiyo maana nakwambia. Niahidi."

Garbiñe akaahidi. Maji yalikuwa yakimtiririka baba yake shingoni na kola ya koti ilikuwa imempwaya, na mbele ya shingo ile nyembamba hakuweza kubishana.

Ugomvi wa mzee na Beñat ulikuwa wa kale, na ulianzia kwenye sahani. Zamani mzee alikuwa na mkahawa Mtaa wa Kale, na Beñat alipika pamoja naye. Jioni moja, ukumbi ukiwa umejaa wateja wanaojulikana kwa majina, kijana alipeleka mezani samaki wa mchuzi wa kijani aliowapika kwa namna yake mwenyewe. Mzee Eusebio alipita meza hadi meza, akazichukua sahani kutoka mbele ya watu, akarudi nazo jikoni na kuzimwaga kwenye pipa. Beñat alifungua aproni yake, akaitundika msumarini, akaondoka. Mama yao alipofariki alirudi kuzika, akasimama upande mmoja wa kaburi na baba upande wa pili, na wakaachana bila kupeana mkono.

Basi Garbiñe akaanza kuugeuza ulimi wake. Kwanza alijaribu Januari, nyumba za mvinyo wa tufaha zinapofunguliwa, watu wakinywa wima kutoka kwenye mapipa na kula nyama ya mbavu iliyoiva nje tu. Beñat akamwambia haiwezekani, kwao Januari ni kiangazi na mkahawa unafurika. Akahamia majira ya kuchipua. Akaisifia Aprili kama dalali: dagaa wanene wanaoingia bandarini wakimetameta, njegere changa zinazopasuka mdomoni kama matone ya maji. Septemba akaitia dosari. Siku hizi watu ni wengi mno, alisema, na meza hazipatikani. Alikuwa akijisikia anavyosema, na aibu ikampanda mashavuni.

"Dada," Beñat alimkatiza, "maisha yako yote unasema Septemba. Leo umelogwa?"

"Nimezeeka. Nimeanza kupenda dagaa."

Beñat alicheka, na hatimaye akakubali: mwisho wa Aprili. Garbiñe alipokata simu alilia kidogo, kisha akaenda kutandika vitanda vya wageni.

Tangu hapo aliishi akimtazama baba yake kama mtu anayetazama mshumaa kwenye upepo. Mzee aliacha kwenda kwenye chama chake cha kupika, kule wanaume wa rika lake walikokutana kila Alhamisi. Akawaambia ana mafua. Kisha akaacha nyama, kisha mkate. Wageni walipomuuliza Garbiñe juu ya msimu, alijibu bila kuwatazama, na mmoja akalalamika kwamba mwenye nyumba hana uchangamfu.

Mwanzoni mwa Machi Beñat alipiga tena. Kulikuwa na sherehe kubwa ya harusi mwezi wa Aprili, mteja wa siku nyingi, hangeweza kumkatalia. "Tunarudi kwenye Septemba yako ya zamani," alisema kwa furaha. "Dagaa watanisamehe."

Garbiñe alisema atampigia baadaye. Alikwenda chumbani kwa baba yake na kumwomba amfungue kwenye ahadi. Alimwomba akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, mkono wake juu ya ule mkono wenye makovu ya mafuta ya moto. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. Akageukia ukutani.

Ahadi ni deni, Garbiñe alilelewa hivyo, na baba yake hakuwahi kuvunja yake hata moja. Alisimama kwenye ujia kitambo, akisikiliza pumzi ya mzee kupitia mlango. Kisha akashuka hadi barabarani, akatembea mpaka ukingo wa mto ambapo hakuna wa kumsikia, na akampigia mdogo wake.

"Baba anakufa," alisema. "Amenikataza kukwambia. Hafiki Septemba, na Aprili sijui."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kelele za jikoni zikapotea. Kisha Beñat akauliza, kwa sauti ya chini, "Tangu lini unajua?"

"Novemba."

"Ukanisimulia njegere." Hakupaza sauti. "Miezi yote hii, dada, ukanisimulia njegere."

Alikuja peke yake kabla ya wiki kwisha, na begi dogo. Bahari ilikuwa imechafuka, mashua zimefungwa, nyumba nyingi za mvinyo wa tufaha zimeanza kufagia ili zifunge msimu. Mzee Eusebio alikuwa ameketi dirishani, blanketi magotini. Alimwangalia mwanawe mlangoni, akamwangalia na binti yake nyuma yake.

"Nani kakwambia uje Machi?" alimuuliza Beñat. "Machi hapa hakuna cha kula."

"Kuna vibua," Beñat alijibu.

"Vibua." Mzee akafikiri. "Hata hivyo utavikausha. Ulikuwa unavikausha siku zote."

Beñat alikwenda sokoni akarudi na vibua, samaki wa bei rahisi asiyefuatwa na mgeni yeyote toka mbali. Alivipika na kitunguu saumu na siki, na mzee akamwelekeza kutoka kwenye kiti, punguza moto, usiviguse, sasa, sasa. Beñat hakubisha hata mara moja. Mzee alikula vipande viwili kama vya kumlisha ndege. Havikukauka, alisema. Tangu siku hiyo kazi ya jikoni ilikuwa yao wawili, na Garbiñe, akipita na mashuka, alisikia wakizozana juu ya mafuta na chumvi. Kuna siku aliwasikia wakicheka.

Kwa Garbiñe mzee hakufungua mdomo. Alipokea dawa mkononi mwake, akainua mkono avalishwe fulana, lakini maneno aliyapeleka kwa Beñat: mwambie dada yako afunge dirisha, mwambie maji ni ya moto. Garbiñe alifunga dirisha. Alipoza maji. Kila asubuhi aliingia akitumaini, na kila asubuhi alitoka hivyo hivyo. Siku moja alimwambia, "Baba, ningefanya tena." Mzee alifumba macho, na Garbiñe hakujua kama amelala.

Alifariki Jumanne, Aprili ikiwa bado changa, Beñat akiwa ameushika mkono mmoja na Garbiñe mwingine. Wanaume wa chama walikuja na makoti yao mazuri, wakalaumu kwamba hawakuambiwa.

Kwenye uwanja wa ndege Beñat alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu. Alimwambia amemsamehe miezi ile, na kwamba anamshukuru. Yeye na baba walikuwa wameagana. "Na ninyi mliagana, sivyo?" aliuliza.

Garbiñe alimtengenezea kola ya shati. "Sisi tulikuwa pamoja kila siku," alisema.

Abiria wakaitwa. Alisubiri mpaka mdogo wake akapotea nyuma ya kioo, kisha akatoka nje kutafuta basi, kwa sababu mchana ule wageni wawili walikuwa wanafika, na vitanda vyao vilikuwa bado.