Kula na Kura

Muigai aliandika neno moja vibaya ubaoni, na darasa zima likamcheka.

Alikuwa fundi wa magurudumu hapo Emali, mtu mzima mwenye wajukuu. Shule hii ya binafsi ilipokea watu wa dini zote na umri wowote, na kila Alhamisi wakubwa na watoto waliandika imla pamoja. Mwalimu Nasreen alisoma, "Watoto wanapenda kula." Muigai akaandika "kura", vile Wakikuyu wengi hutamka.

"Babu, hata sisi tunapiga kura?" msichana mmoja akamtania.

Muigai akachukua kofia yake aondoke, asirudi tena.

"Ngoja, Baba Wangechi," Nasreen akasema. "Mama Mwende, njoo uandike: wazee wamepiga kura."

Mama Mwende, Mkamba muuza ndengu, akaandika "kula".

"Wamepiga mpaka wakashiba!" Muigai akasema, akicheka kuliko wote.

"Huyu ana R nyingi, yule ana L nyingi," Nasreen akasema. "Kaeni dawati moja, mgawane."

Muigai akaitundika kofia, akaketi.

Kubaki kulimgharimu alasiri moja bila wateja, vicheko vya watoto, na kiburi alichokitunza tangu aache shule.