Sauti ya Thelathini na Moja

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna mtu aliyekuwa amelitaja neno piano mbele ya Mama Béatrice, naye hakuwa na hamu ya kulisikia. Alikuwa fundi cherehani upande wa Alunguli, mwanamke wa miaka sitini na moja, mgongo wake mbovu, macho yamechoka kutafuta tundu la sindano. Asubuhi hiyo alikuwa anapiga pasi gauni la ubatizo, mkaa umeanza kupoa, aliposikia hodi.

Aliyekuja alikuwa binti mrefu mwenye viatu vilivyolowa maji ya mto. Jina lake Sifa. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia ng'ambo ya pili, huko mjini Kindu.

"Kama njo nguo imekuleta, mwanangu, sipokei tena mpaka mwezi ujao," Mama Béatrice alimwambia kabla hajaketi. "Mugongo umekataa."

"Haiko nguo, Mama. Njo piano."

Mama Béatrice aliisimamisha pasi juu ya kigae chake, akamwangalia.

Sifa akaeleza haraka haraka, kama mtu aliyekariri maneno yake ndani ya mtumbwi. Mtoto mmoja wa parokia anayeishi Ulaya alikuwa amewatumia klavye kubwa ya kisasa, mashine ya kinanda yenye sauti mamia na uwezo wa kurekodi nyimbo ndani yake. Jubilei ya parokia ilikuwa inakaribia. Wazee walitaka zile nyimbo za zamani ziimbwe na kurekodiwa kwa namna ya zamani, na ndani ya nyimbo hizo kulikuwa na piano ya umeme.

"Kwenye mashine kuna piano za umeme arobaini na mbili," alisema Sifa. "Tumezijaribu zote mpaka masikio yamekufa. Hatujue ya kweli ilikuwa namna gani, tulikuwa watoto wa mugongoni. Wazee wanasema wewe njo ulikuwa unapiga."

"Wazee wanasema nini tena?"

Sifa aliinamisha macho. "Wanasema njo wewe."

Mama Béatrice alifungua kinywa kukataa, akaona kukataa nako ni kazi. Angetakiwa kutoa sababu, na sababu hiyo ilikuwa ndefu kuliko nguvu alizokuwa nazo asubuhi ile. "Kesho nitavuka," alisema. "Sasa uniache nimalize kola hii."

Ile piano ya kweli ilikuwa mali ya klabu ya wafanyakazi wa reli. Ililetwa kwa treni kutoka kusini ndani ya sanduku la mbao, enzi ambazo treni ilikuwa bado ina siku zake za kufika. Gérard, mume wa Béatrice, alikuwa fundi wa injini za treni, na ndiye aliyemfungulia kifuniko na kumwonyesha matumbo yake: kila kibao, cheupe kwa cheusi, kinanyanyua nyundo ndogo, nyundo inapiga ujiti wa chuma mwembamba kama spoku ya baiskeli, na mtetemo wa ule ujiti unadakwa na sumaku na kupelekwa kwenye spika. Hakuna vibao viwili vilivyofanana kwa sauti. Béatrice alijifunza kuipiga kwa masikio tu, na baada ya Gérard kufa kwa ugonjwa wa ini, aliendelea kuipiga kwenye okestra ya klabu kila Jumamosi, na kanisani siku za sikukuu, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa.

Kesho yake alivuka. Ukumbi wa parokia ulikuwa na joto, na jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Fundi wa vyombo, Blaise, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, alikuwa ameshafunga nyaya zote. Alimvutia Mama Béatrice kiti na kumwekea mto mgongoni.

"Tuanze na ya kwanza, Mama?"

"Tuanze. Na uzime mapambo yote. Mwangwi, mutetemo, zima. Muntu akitaka kununua kitambaa, hakiangalii usiku wenye taa za rangi."

Blaise akacheka, akazima. Mama Béatrice alinyoosha vidole. Vilikuwa vigumu, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la sindano. Alipiga noti moja ya katikati polepole sana, kisha noti ileile kwa wastani, kisha kwa nguvu. Akasikiliza. Alishika akodi, noti tatu kwa pamoja, na kuiacha ife yenyewe. Alipiga sauti ya chini kabisa, halafu ya juu kabisa. Mwisho alinyanyua kidole ghafla na kuinamisha sikio.

"Hapana. Hii ukiipiga kwa nguvu inapiga kelele zaidi, basi. Ile ya kweli ukiipiga kwa nguvu inabadilika tabia. Taratibu inalia kama kikombe ukikigonga kwa kijiko. Ukiikasirikia inakoroma."

Sifa alikuwa anaandika kwenye daftari. Ya pili ilikuwa kengele tupu. Ya tano ilikuwa tamu mno, kama chai ambayo sukari imezidi. Ya tisa alisema noti za juu zinadumu mno, wakati zile za kweli za juu zilikuwa zinakufa mara moja. Ya kumi na mbili ilikuwa nzuri ikiwa peke yake, lakini Blaise alipochukua gitaa la besi na kuiunga mkono, sauti za chini zikagombana na kuwa tope.

"Umesikia?" Mama Béatrice alimuuliza Sifa. "Usichague sauti ikiwa peke yake chumbani. Iweke kati ya wengine, halafu uone kama inakaa vizuri."

Ya kumi na saba alisema inaweza kusaidia. Ya ishirini na tatu akasema ni uongo, kila kibao kina sauti moja iliyovutwa juu na chini. Mgongo ulimwuma; akaomba maji, akanywa, akasema waendelee.

Blaise alibonyeza ya thelathini na moja.

Noti ya kwanza tu ilimtosha. Chini ya sauti kulikuwa na kile kishindo kidogo cha nyundo, tok, kama mtu anayeweka kikombe chumba cha pili. Aliponyanyua kidole, ile pumzi ya kitambaa kinachozima chuma ikasikika. Sauti mbili za katikati zilikuwa hazipatani sawasawa, zilitofautiana kwa unywele. Alipiga kwa nguvu ikakoroma. Halafu mikono yake, bila kumuuliza, ikaanza rumba moja ya polepole ambayo hakuwa ameipiga tangu mwaka elfu mbili na mbili.

Alipiga mistari minne. Akaondoa mikono na kuiweka chini ya kitenge chake.

"Njo hii!" Sifa alisema, amesimama. "Mama, njo hii, si ndiyo?"

"Haiko hii," alisema Mama Béatrice. "Rudisha ya kumi na saba. Ile inatosha."

Blaise alimwangalia Sifa, Sifa akaangalia daftari lake. Aliandika kumi na saba na kuizungushia duara, wakamsindikiza bibi mpaka kwenye mitumbwi.

Siku mbili zilizofuata Mama Béatrice hakushona kitu. Alikaa mlangoni na gauni la ubatizo mapajani, na mambo aliyokuwa ameyafunga yakamjia yenyewe.

Mwaka ule wa elfu mbili na mbili mji ulikuwa umefungwa. Wapiganaji wa msituni walikuwa wameuzunguka, waasi walikuwa ndani, na raia katikati. Aliyevuka kwenda shambani kutafuta sombe, majani ya muhogo, aliitwa mpelelezi na hawa, akirudi aliitwa mpelelezi na wale. Watu walikula mizizi ya mipapai. Kamanda wa waasi alikuwa amechukua nyumba moja karibu na mto, na siku moja askari wanane waliibeba piano kutoka klabu na kuiweka kwenye sebule yake. Wakaja kumchukua Béatrice kwa bunduki, ingawa angekuja hata kwa sauti ya kawaida, kwa sababu binti yake Nicole alikuwa na miaka minne na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa njaa.

Kila siku saa kumi alasiri alipiga. Kamanda alitaka rumba ile ya polepole, na alitaka kile kitufe cha mtetemo kizungushwe mpaka mwisho, sauti iwe inayumba kama mlevi. Alisikiliza macho yamefumbwa. Béatrice alirudi nyumbani na sahani ya mchele, na Nicole akaishi.

Alasiri moja walimleta mtu aliyekuwa anauza mawese kwa baiskeli kutoka Pangi. Walimlaza kwenye baraza, ng'ambo ya ukuta. Alipoanza kulia, kamanda alimwambia Béatrice, bila kufumbua macho: "Piga kwa nguvu." Akapiga kwa nguvu. Alipiga mpaka piano ikakoroma yote, na hakusikia kitu kingine. Alipomaliza, baraza lilikuwa linaoshwa kwa maji.

Waasi walipoondoka, watu waliivunja piano. Vijiti vyake vya chuma vilikwenda kutengenezewa likembe, vile vinanda vidogo vya kupigwa kwa vidole gumba. Béatrice alivuka mto akaenda kuishi Alunguli. Kanisani, walipomwona anakaa, wanawake walikumbuka kwamba wana nafasi nzuri zaidi kwingine.

Siku ya tatu alivuka tena. Alimkuta Sifa ukumbini peke yake, anafuta vumbi kwenye klavye kwa kipande cha kanga.

"Nilikudanganya," Mama Béatrice alisema kabla ya salamu. "Ya thelathini na moja njo yenyewe. Ni ile kabisa. Sikutaka kuisikia."

"Keti, Mama."

"Acha niseme nikiwa nimesimama, nikikaa sitasema." Akasema yote: nyumba ya mtoni, mchele, mtu wa baiskeli. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayepima nguo ya mteja. Alifika kwenye baraza, akamaliza.

Sifa alikuwa ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaitwa Alain," alisema. "Mwenye baiskeli. Njo baba yangu."

Nje, jenereta ya jirani ilikohoa ikazimika. Mama Béatrice alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijavuka mto. Mama yangu alisimama kwenye geti siku ile, mimi nikiwa mugongoni kwake. Alisema hakusikia kitu ila piano. Alikuchukia mpaka alipokufa, Mama. Sitakudanganya."

"Na wewe?"

Sifa alifikiri. "Mimi nilikuwa natafuta muntu anayejua ile sauti. Hakuna mwingine." Akakunja kitambaa mara mbili. "Nikuulize kitu kimoja. Baba alisema neno lolote?"

Mama Béatrice angeweza kumpa neno. Angeweza kutunga jina la mama yake, au sala, na binti angelibeba maisha yake yote. Alikuwa amechoka mno kwa uongo, hata ule mzuri.

"Sijue, mwanangu. Nilikuwa napiga kwa nguvu. Hiyo njo ilikuwa kazi yangu, nisisikie."

Sifa alilia kidogo, bila sauti, uso umegeukia dirishani. Mama Béatrice hakumgusa, maana hakujua kama ana ruhusa. Walikaa hivyo mpaka Blaise alipoingia na dumu la mafuta, akawaona, akataka kutoka.

"Ingia, Ya Blaise, kaka yetu," Sifa alisema, akijifuta uso. "Tuna kazi. Weka thelathini na moja."

Walifanya kazi mpaka mchana. Mama Béatrice alimwambia Blaise aache kishindo cha nyundo kilivyo, aache na ile pumzi ya vidole vikinyanyuka, kwa sababu bila hivyo itakuwa mashine inayojifanya. Alimwambia apunguze sauti za chini ili besi ipite. Alikataa mtetemo kabisa.

"Lakini nyimbo za zamani zilikuwa na mutetemo, Mama," alisema Blaise. "Nimesikia kwenye kaseti."

"Kidogo, kwenye klabu. Kidogo sana. Hapa haitakuwepo."

Blaise alimtazama Sifa. Sifa akasema, "Zima," na Blaise akazima, akaihifadhi sauti ile mahali pake ndani ya mashine. Ilipofika wakati wa kuipa jina, aliuliza waiiteje. Mama Béatrice alisema waiite kwa namba yake tu.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Béatrice alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, tayari kutoka. Kwaya ilisimama, Sifa akaweka mikono, na ile sauti ikatoka kwenye spika, kavu na wazi, kila noti na kishindo chake. Alisubiri watu wageuke wamtafute kwa macho.

Hakuna aliyegeuka. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kwa furaha ya kukumbuka okestra ya reli. Wengine waliimba. Mwanamke wa pembeni yake, kijana asiyemjua, alimpa mtoto wake ashike kidogo ili apate kupiga makofi, na mtoto akalala begani kwa Mama Béatrice wimbo mzima. Ilikuwa sauti ya piano, na watu walikuwa wanaimba juu yake. Uchovu aliokuwa nao haukuondoka, lakini ulikaa chini, kama yeye.

Misa ilipokwisha, Sifa alipenya katikati ya watu mpaka mlangoni, ametota jasho.

"Mama, ilikuwa je?"

"Mkono wa kushoto unaupiga mzito mno," alisema Mama Béatrice, akimrudisha mtoto kwa mama yake. "Mwachie Blaise kazi ya besi. Jumanne nitavuka, nikuonyeshe."

"Ndiyo, Mama," alisema Sifa, akamshika mkono kumsaidia kushuka ngazi.