Nyayo Chini ya Las Garzas

Mwaka ule katikati ya mji wa Mexico palikuwa pamefumuliwa kama godoro. Kando ya soko la Las Garzas barabara nzima iligeuzwa shimo, na ndani ya shimo hilo, mita kumi na saba chini ya wauza nyanya, watu mia mbili walikuwa wakichimba kituo cha treni. Hermelindo Tecuapetla alikuwa mmoja wao. Wenzake walimwita Linde. Kazi kubwa ilifanywa na mashine, lakini kwenye kona na pembe ambako mashine haikufika alipelekwa yeye na koleo lake, kwa sababu mikono yake ilikuwa na utulivu.

Udongo wa kule chini ni tope la ziwa la zamani, na pampu za maji hazikunyamaza mchana wala usiku. Alhamisi moja asubuhi koleo la Linde liligusa tabaka la majivu ya volkano, jembamba, la kijivu. Alishaliona mara nyingi. Safari hii majivu yalibanduka kipande kizima kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na vidole vitano vya mguu.

Akadhani ni vyake. Akaangalia chini. Alikuwa amevaa buti.

Akapiga magoti, akapuliza. Kisigino, wayo, vidole. Kidole gumba kilikuwa kimezama zaidi, kama cha mtu anayejikaza asiteleze. Akabandua majivu kwa kucha, akapata unyayo wa pili, na wa tatu. Pembeni yake kulikuwa na nyayo nyingine, ndogo, urefu wake haukuzidi kiganja chake. Za mtoto.

"Wewe Linde!" Wenceslao, aliyekuwa akichimba naye, aliita kutoka kwenye ngazi. "Umepata dhahabu unatuficha, au umelala?"

"Njoo."

"Nina tortila mdomoni, bwana. Sema tu."

"Wences, njoo. Na uvue buti."

Wenceslao alikuwa mtu asiyenyamaza hata kanisani. Alikuja peku huku akicheka, akainama, akaangalia. Ile chapati ya mahindi ikabaki shavuni.

"Mama yangu," alinong'ona. "Hawa ni akina nani?"

Habari zikapanda ngazi, watu wakashuka mmoja mmoja, na kufika adhuhuri walikuwa arobaini, wamejipanga juu ya mbao wasikanyage tope. Hakuna aliyewaambia wavue kofia za kazi, lakini kila mmoja alikuwa ameishika yake mkononi. Zilisikika pampu tu.

Ndipo Injinia Urrutia aliposhuka, uso mwekundu.

"Nani kawapa likizo? Zege linaingia saa nane! Malori sita yako njiani!"

Linde akasimama mbele yake. Tangu aanze kazi hakuwahi kumjibu mkubwa.

"Injinia, hapa leo halimwagwi zege."

"Unasemaje wewe?"

"Nasema angalia kwanza. Ukishaangalia, ukitaka kunifukuza, nifukuze."

Injinia alimsukuma kando, akaangalia. Kituo kile alikichora yeye, nguzo kwa nguzo, na alijua uzito wa kila kitu kitakachokuwamo. Alichuchumaa. Akanyoosha mkono juu ya unyayo mdogo bila kuugusa, kama mtu anayepima joto la sufuria, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, akapanda ngazi, na wote wakamsikia kule juu akiyafokea malori yarudi yalikotoka.

Alasiri hiyo hiyo alifika Daktari Casilda Monterrubio, mtaalamu wa mambo ya kale, ameshika brashi mbili na kibunda cha uzi. Alisafisha siku mbili, na Linde akimsaidia. Zikatokea nyayo kumi na tisa za mtu mzima na saba za mtoto. Daktari alisema mlima wa volkano ulimwaga majivu yale maelfu ya miaka kabla haujawepo mji wowote hapa, siku chache tu, labda saa chache, baada ya hao wawili kupita ufukweni mwa ziwa.

"Huyu mkubwa nadhani ni mwanamke," alisema. "Na kuanzia hapa anachechemea. Ona mguu wa kushoto unavyozama."

Linde alikohoa. "Samahani, Daktari. Hachechemei."

"Eti?"

"Za mtoto zimekomea wapi?"

Daktari akatazama. Zilikuwa zimekomea hapo hapo.

"Kambeba," Linde alisema. "Kiunoni, upande wa kushoto. Mimi binti yangu Delfina nilimbeba hivyo siku tuliyohama kijijini, kilomita tisa mpaka kwenye basi. Kesho yake nilikuwa navuta mguu."

Daktari alitoa rula mfukoni. "Nionyeshe," akasema.

Linde akajaza mchanga kwenye gunia mpaka likawa na uzito wa mtoto wa miaka minne, akalibeba kiunoni, akatembea peku kwenye tope bichi pembeni, hatua kumi na mbili. Daktari alilala kifudifudi na rula yake. Akapima nyayo za Linde, akapima zile, akarudi kwa Linde, akarudi tena kule. Alipoinuka alikuwa na tope kidevuni na machozi machoni.

"Nimesomea kazi hii miaka kumi na mmoja, Bwana Hermelindo. Wewe hili umelisomea wapi?"

"Chuo cha Eufrosina, Daktari!" Wenceslao akadakia. "Mke wake. Ukifeli kule hupewi chakula!"

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi siku mbili.

Injinia alitoa siku sita za kuziondoa nyayo. Siku ya sita walikata bonge zima la udongo, wakalizungushia mbao na magunia mabichi, juu wakaliacha wazi ili Daktari aone likianza kupasuka. Saa kumi jioni winchi ikalivuta. Wauza soko waliacha meza zao wakaja kuuzunguka mdomo wa shimo, na Eufrosina akiwa miongoni mwao, amemshika Delfina mkono.

Bonge lilipanda polepole likijizungusha kwenye kamba yake ya chuma. Lilipovuka ukingo, jua likaingia ndani ya vile vidole kwa mara ya kwanza tangu siku mlima ulipowaka. Kila lilipozunguka, vivuli vikasogea ndani ya nyayo, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na mbele ya macho ya soko zima yule mama akatembea. Muuza mbogamboga mmoja alijikuta amepiga magoti kwenye maganda ya vitunguu.

"Baba," Delfina alisema Linde alipotoka shimoni, "wanakwenda wapi?"

Linde alijua upande tu. Unyayo wa kumi na tisa ulikuwa umeingiza vidole kwenye ukuta wa kusini wa shimo, na nyuma ya ukuta ule hapakuruhusiwa kuchimbwa, kwa sababu juu yake kulikuwa na majumba ya watu.

"Waliendelea," alisema. "Mpaka wapi, baba yako hajui."

Zege lilimwagwa. Mwaka wa pili kituo kikafunguliwa, na watu wakashuka kwa maelfu na nguo zao za Jumapili, wakishangaa mataa na marumaru. Linde alimpeleka mke wake moja kwa moja hadi mwisho wa jukwaa, upande wa kusini, akaweka kiganja juu ya vigae.

"Ni hapa nyuma?" Eufrosina aliuliza.

"Hapa hapa."

Eufrosina akaweka kikapu chini, naye akaweka kiganja chake karibu na cha mumewe. Vigae vilikuwa baridi.

"Na bado kambeba?"

"Bado."

Treni ya kwanza ikaja, ikafungua milango, watu wakasukumana kuingia kwa vigelegele. Ikafunga, ikaondoka. Wao walikuwa bado wamesimama pale.