Ukuta Uliookwa kwa Matusi

Mama mkwe wangu aliuchukia mdomo wangu kabla hajanichukia mimi. Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake nilimwambia mchuzi wake una chumvi ya kutosha mtaa mzima, na tangu hapo kila nilipofumbua kinywa alisema, "Mdomo uliponza kichwa, mkwe wangu." Alikuwa fundi wa matofali, mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu, na nilimheshimu kuliko nilivyoweza kumwonyesha. Sasa alikuwa ananiomba nitukane.

"Nimtukane nani, mama?"

"Zimwi," alisema, huku akilainisha udongo kwa kiganja. "Na ulitukane taratibu, ninavyokuelekeza mimi."

Mazimwi ya moto yalikuwepo kabla mvua ya kwanza haijanyesha, na mpaka leo yanaamini dunia ni yao. La kwetu lilishuka mlimani kila kiangazi, likapita kwenye mwanya kati ya majabali mawili, ambao ndio njia pekee ya kuingia mjini, likala lilichotaka. Lilikula maghala, likala msitu wote, hadi hatukuwa na kijiti cha kuchemshia maji. Kiangazi kilichopita lilimla mume wangu, mwashi, mwana wa pekee wa mama yule. Tulizika shati lake la kazi, kwa sababu ndilo lililobaki kwenye kamba ya nguo.

Watu walisema tuhame. "Nihame niende wapi," akasema mama mkwe, "na mwanangu yuko kwenye vumbi la hapa?" Akaanza kujenga ukuta kwenye mwanya ule kwa matofali mabichi, mji mzima ukimkanyagia udongo. Shida ni kwamba tofali bichi ni tope lenye kiburi, na zimwi lingelibomoa kwa kucha. Tofali lililookwa ndilo lisiloogopa moto, nasi kuni za kuokea hatukuwa nazo. Kwa hiyo aliacha matundu upande wa nje, njia za moto katikati, na mabomba ya moshi juu. Ukuta wenyewe ndio tanuri. Kuni zingejileta.

"Lakini tofali halitaki pupa," alinifundisha. "Likipata moto mkali lingali na maji tumboni, linapasuka. Asubuhi utaliudhi zimwi kidogo tu. Mvuke ukiisha, hapo mwaga yote uliyoninyima miaka yote hii."

"Kwani nilikunyima, mama?"

"Ulikuwa unapunguza. Nilikuwa nakuona."

Akanifunga kamba kiunoni. Mimi ningekaa juu ya jabali nimejifunika blanketi lililoloa, majirani wakinimwagia maji kutoka nyuma. Yeye angebaki nyuma ya ukuta, juu ya ngazi, kiganja kwenye mdomo wa bomba akipima mvuke. Akivuta kamba mara moja, nipunguze. Akivuta mara mbili, niongeze.

Zimwi lilikuja jua likichomoza. Halikuwa refu. Lilikuwa pana na zito, likitambaa kama uji uliofurika sufuria, na mawe yalilia chini yake.

"Nani kaziba njia yangu?"

"Shikamoo, babu," nikasema. "Njia tumeifagia, na tumbo lako linatuachia masizi. Leo pitia kwingine."

Likaupulizia ukuta kwa dharau, pumzi moja ndefu, na joto likaingia matunduni. Kamba ilikuwa kimya. Nikaendelea hivyo asubuhi nzima. Nililiuliza kama ni kweli linaogopa umande. Nililiambia jirani yangu ana jiko la mkaa lenye tabia kama yake, nalo hupigwa teke likatulia. Likanung'unika, likapuliza tena. Nyuma yangu mvuke ulipanda mweupe kutoka kwenye mabomba, na majirani wakaendelea kunimwagia maji.

Kisha likanitazama vizuri.

"Wewe nakujua. Kuna mwanaume aliita jina lako," likasema. "Aliita sana."

Sikuchagua maneno. Nililaani zimwi, nikalaani mlima uliolitapika, nikaliita mambo ambayo sikujua nayajua. Likawaka hadi likawa jeupe, na ndani ya ukuta nikasikia, pa! Kisha tena, pa! pa! Matofali yalikuwa yanapasuka. Kamba ikanivuta nusura nianguke.

Nikatazama chini. Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno, na aliyetajwa alikuwa mtoto wake. Machozi yalimtiririka, lakini kiganja kilikuwa bado kwenye bomba, na mkono mwingine bado unavuta kamba. Kama yeye aliweza, mimi ni nani?

"Nisamehe, babu," nikasema. "Nimekosa adabu. Wewe ni mkubwa. Hakuna aliyewahi kukushinda."

Sijawahi kumeza kitu kichungu kama maneno yale. Zimwi likatulia, likajinyoosha kama paka aliyekunwa shingo. Kumbe lizee lile lilipenda sifa! Nikalisifu hadi mchana. Nikasifu kucha zake, nikasifu sauti yake, huku nikilichukia kwa kila pumzi. Milio ikakoma. Mvuke ukawa mwembamba, halafu ukaisha kabisa.

Kamba ikavutwa mara mbili.

Nikasimama, nikatupa blanketi.

"Sasa nisikilize, debe tupu wewe! Umeishi tangu kabla ya mvua, na umefanya nini? Mume wangu aliishi miaka michache tu, na leo mji huu unalala ndani ya kuta alizojenga. Wewe utaonyesha nini? Moto huzaa majivu! Na hata hayo majivu yenyewe, upepo unakunyang'anya. Hakuna mahali duniani mtu atagusa kitu aseme, hiki alikifanya yule!"

Likapiga ukelele uliotikisa majabali. Likajitupa ukutani mwili mzima na kusukuma moto wake wote matunduni, na mabomba yakatema ndimi nyekundu juu ya vichwa vyetu. Nilitukana hadi sauti ikakauka. Ilipokauka, mji ukapokea. Muuza maziwa alikuwa na tusi lake, mwalimu alikuwa na lake, na mkunga wetu, mtu mpole kuliko wote, alisema jambo ambalo siwezi kulirudia. Alasiri yote lilipuliza kwa hasira, na kila lilipopuliza lilipungua.

Jua lilipoinama, zimwi lilikuwa limebaki dogo, jekundu, likihema. Likakwaruza ukuta. Ukucha ukakatika.

Upande wetu mama mkwe alichukua mwiko wake wa kazi, akagonga tofali. Tofali bichi hutoa sauti ya kofi. Hili lililia kama kengele.

"Limeiva," akasema, na hakuna aliyeshangilia, kwa sababu wote tulikuwa tunalia.

Kisha akapanda jabali, polepole, akishika magoti, akasimama kando yangu. Mwanamke huyu hakuwahi kumtukana mtu maishani mwake. Mimi sikuwa na sauti tena, basi nikamshika kiuno asianguke wakati anainama kulitazama zimwi.

"Hongera," akaliambia. "Hatimaye umezaa. Mtoto huyo hapo, wa kwanza tangu dunia iumbwe, na ni mzima."

Zimwi likatazama ukuta, likamtazama yeye.

"Wangu ulimchukua," akasema mama mkwe. "Huyu wako nabaki naye."

Halafu akashuka kwenda kukagua matofali yaliyopasuka.