Sarafu ya Msiba wa Twalib

Kila Jumanne Mwadini alitoka chumbani kwake Jeppestown kwenda Sandton, upande wa matajiri, kusafisha fleti ya Moffat, Mkenya wa benki aliyekaa peke yake na sarafu mia mbili. Sarafu za fedha, za Ujerumani ya zamani, enzi ambazo kila kipande cha nchi kilikuwa na mtawala wake. Akifa mtawala, wanamfulia sarafu ya msiba: mbele sura yake, nyuma tarehe aliyokufa na umri wake mpaka siku. Moffat hakutaka ziguswe. Mwadini alifuta vioo vya makabati, akapiga deki, akafunga mlango.

Jumanne moja ya Novemba alikuta sarafu imesahauliwa mezani, nyeusi kama sufuria ya kuni. Akaona aibu kwa niaba ya Moffat. Akachukua ndimu, akazoa majivu ya nyama choma barazani, akaisugua kama mama yake anavyosugua bangili kule Pangani.

Weusi ulipotoka, akatokea Twalib.

Ndiye. Sikio la kushoto halina ncha, kofia imelalia upande. Walikaa chumba kimoja miaka mitatu, halafu mwezi wa tatu Twalib hakurudi kutoka kazini. Mwenye karakana ya milango ya chuma alisema kaacha kazi mwenyewe. Zuhura, mke wa Twalib, alikuwa akipiga simu kutoka Pangani kila wiki: "Shemeji, mimi mke wa mtu au mjane?" Mwadini anamwambia mtandao unasumbua.

Akaigeuza sarafu. Jeppestown, Ijumaa, 14 Machi 2025. Ameishi miaka 31, miezi 2, siku 9. Katikati mashine ya kukunja mabati, na wanaume watatu wanamtoa mtu kwa mlango wa nyuma. Wa mbele ana kitambi cha mwenye karakana.

Jioni Moffat akarudi, akaiona, akakaa chini.

"Wewe Mtanzania, umesugua?"

"Ilikuwa chafu, bosi."

"Si nilikwambia usiguse! Hiyo weusi ndiyo mali. Umeniulia mtawala wangu."

"Alishakufa, bosi. Imeandikwa."

Moffat akachukua lenzi, akaangalia weee. "Na huyu ni nani?"

"Twalib. Rafiki yangu."

Akapekua kitabu chake kinene cha sarafu, mwanzo mpaka mwisho. Hayumo. "Eish. Basi iko moja tu dunia mzima."

"Nipe niipeleke kwao."

"Zii. Pole, lakini zii. Piga picha."

Kesho yake Mwadini akaipeleka picha karakana. Mwenye karakana akavaa miwani, akaikuza kwa vidole.

"Mashine ndiyo yenyewe," akasema. "Ila mlango tumeshaupaka rangi."

Akamwita Ruphin, Mrundi mgeni aliyekuwa kwenye mashine, naye aone. Ruphin akaona, akasema sharp, yaani poa, akarudi kukunja mabati. Polisi, alipowapelekea, waliuliza kama sarafu ina namba ya pasipoti. Haina. Wakamrudishia simu yake.

Alipompigia Zuhura na kumweleza, hakulia. Alitaka tarehe tu. Akaenda kwa ustadhi, akapiga tena.

"Eda inahesabiwa toka siku aliyokufa, shemeji. Miezi minne na siku kumi. Yangu imeisha Julai."

"Julai?"

"Julai hiyo nilivaa dera jekundu, nikacheza harusi ya Najma mpaka nikapoteza kiatu. Nishamaliza, shemeji. Sina hata siku moja ya kumkalia."

Mwadini akabaki na simu sikioni hata baada ya kukatika. Kitanda cha pili kilikuwa palepale, kimetandikwa toka Machi.

Moffat aliipanga sarafu katikati ya watawala wawili, akaiandikia kikaratasi kwa mkono: Twalib, Jeppestown, moja tu. Kila Jumanne, Mwadini akifika kwenye kabati lile anasema, "Oya, Twalib," kisha anapuliza kioo, anafuta.

Januari weusi ukaanza upya, kwenye lile sikio. Fedha ndivyo ilivyo. Februari ukafika shavuni. Moffat akainama kwenye kioo, amefurahi.

"Umeona? Inajirudi yenyewe."

"Niisugue kidogo, bosi? Usoni tu."

"Usithubutu."

Mwadini akamalizia kioo, akapiga deki, akafunga mlango.