Mabaki ya Ngozi Chini ya Meza

Kiatu cha mkunga kilikuwa kimetafunwa. Fundi viatu alikiokota sakafuni, akakigeuza, akaona alama za meno madogo kwenye soli, ile nene ya mguu wa kushoto. Kipande kizima cha kisigino kilikuwa kimetoweka. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Mtuhumiwa alikuwa amelala chini ya meza ya kazi, tumbo juu, uzi wa kushonea ukining'inia mdomoni.

Walimwita Mkaguzi, kwa kuwa hapakuwa na kiatu kilichoingia katika karakana ile asikinuse. Alikuwa mbwa mdogo ambaye bado alikuwa na meno ya utoto. Shemeji wa fundi, ambaye hufuga mbwa wa ulinzi, ndiye aliyewaletea.

Mke wa fundi alikuwa mwalimu wa chekechea. Alimpokea mbwa kama anavyopokea wanafunzi wapya, yaani kwa utaratibu. Alimsikiliza kaka yake kwa makini, kisha akampa mumewe maelekezo wakati wa chakula. Akiuma mkono, mchezo unakoma. Unanyamaza, unampa mgongo. Akitulia, unarudi. Hapigwi kamwe, maana ataanza kuogopa mikono na kuiuma zaidi. Fizi zinamwasha kwa sababu meno yanaota, kwa hiyo apewe kitu chake cha kutafuna: taulo kuukuu lililofungwa fundo na kuloweshwa maji baridi.

"Na kitu chake kisifanane na vitu vyetu," alisema. "Hajui tofauti kati ya kiatu kibovu na kiatu kizima. Kwake vyote ni ngozi."

"Sawa, mwalimu," fundi alijibu, akampigia saluti kwa kijiko.

Mchana, mke akiwa shuleni, mbwa alishinda karakanani, katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Alilia. Alivuta kamba za viatu vya wateja. Aliuma ncha ya suruali ya fundi na kuning'inia hapo, na hakuna awezaye kushona mstari ulionyooka huku akivutwa suruali. Siku moja fundi alimtupia mabaki ya ngozi, yale makombo yanayobaki baada ya kukata soli. Karakana ikatulia. Kesho yake akamtupia tena. Baadaye ukazaliwa na mchezo: fundi alivaa glavu yake ya ngozi, mbwa akaing'ang'ania kwa meno, naye akamburuza sakafuni huku wote wawili wakifurahi. Kila siku, kabla mkewe hajarudi, aliyafagia mabaki yote.

Jioni ilikuwa zamu ya mke. Alikaa sakafuni na taulo lake. Mbwa alimuuma kidole. Mke alinyamaza, akampa mgongo, akasubiri, akarudi. Mbwa alimuuma tena. Mikono yake ilijaa michubuko, na wanafunzi wake walianza kumuuliza kama amegombana na paka.

"Watoto wa watu nimewaachisha kung'atana," alisema jioni moja, akijipaka dawa vidoleni. "Huyu amenishinda. Labda kuna mahali ninakosea."

Fundi alikuwa akila. "Atakua tu," alisema, kisha akaomba chumvi, ingawa chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Sasa alisimama na kiatu cha mkunga mkononi. Mguu wa kushoto wa mama yule ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Bila soli ile alitembea akiyumba, na kiuno kilimuuma. Kesho mjukuu wake alikuwa anaolewa.

Mke aliingia akiwa bado na mkoba begani. Alikitazama kiatu, kisha mbwa. Fundi alitarajia makelele. Badala yake mkewe alikaa kwenye kigoda cha wateja, taratibu, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Ni kosa langu," alisema.

Hapo fundi alipaswa kusema. Alisema, "Mlango wa kabati la viatu niliusahau wazi." Ilikuwa kweli, na haikumsaidia mtu yeyote.

Mke alitoa simu, akampigia kaka yake na kuiweka sauti kubwa. "Kaka, njoo umchukue. Nimeshindwa."

"Kwangu pamejaa, dada. Nitampeleka ghalani kwa walinzi. Watamfunga mnyororo, lakini watamlisha."

"Mnyororo? Mtoto huyu?"

"Anauma watu, anatafuna mali za wateja. Nani mwingine atamtaka?"

Mke alifumba macho. "Haya. Njoo jioni."

Mkunga alifika kabla ya jioni, akaingia akijishikilia kwenye fremu ya mlango. Fundi alimwonyesha kiatu.

"Eh!" mkunga alisema. "Mimi nilileta kiatu kishonwe, kumbe nimeleta kitoweo?"

"Nisamehe, mama. Nitakitengeneza upya."

"Kusamehe tutasamehe, fundi. Lakini kesho nicheze kwa mguu mmoja?"

Mke hakucheka. Alikuwa amechukua kikapu na kutandika gazeti ndani. Alilikunja lile taulo lenye fundo, akalilowesha, akalikamua vizuri, akaliweka pembeni. "Angalau aende na kitu chake," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Fundi alitazama vidole vya mkewe vilivyochubuka vikilinyoosha gazeti, na akashindwa kuendelea kunyamaza.

"Mke wangu, si wewe. Ni mimi. Nimekuwa nikimpa mabaki ya ngozi ili nishone kwa utulivu. Na nimekuwa nikicheza naye kwa glavu. Nilimwachia aume."

"Lini?"

"Kila siku."

"Mbona sijawahi kuona hata kipande?"

"Nilikuwa nikifagia kabla hujarudi."

Mkunga alijikohoza. "Ningetoka niwaache," alisema, "lakini kiatu chenyewe ni changu."

Mke aliweka kikapu chini. "Ngozi ulimpa ili ushone. Hilo nimeelewa. Kufagia je, ulifagia ili iweje?"

Fundi aliutazama ufagio pale pembeni.

"Nilikaa hapa jioni zote hizo nikijiona mjinga, na wewe unanitazama. Unaomba chumvi."

Alichukua simu tena. "Kaka, usije leo. Njoo wiki ijayo umtazame. Akiwa bado anauma, mchukue. Hapana, si mimi nitakayemfundisha. Ni shemeji yako."

Kaka alicheka hadi simu ikakoroma. "Basi ngoja nitafute mnyororo."

"Tafuta miwili," alisema mke. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Hakuubamiza mlango. Fundi aliona heri angeubamiza.

Mkunga aliondoka akiahidi kurudi asubuhi. Fundi alikusanya mabaki yote ya ngozi, pamoja na glavu, akayafungia kwenye kopo lenye kifuniko. Alikata kisigino kipya, akapaka gundi pande zote mbili, akasubiri ishike kidogo. Wakati ule ule Mkaguzi aliamka, akatafuta makombo yake, akayakosa, akamuuma kifundo cha mguu.

Gundi haisubiri mtu. Fundi aliweka kiatu chini, akanyamaza, akageukia ukuta. Mbwa alilia. Alibweka. Alipotulia, fundi alimsogezea taulo, akarudi mezani. Gundi ilikuwa imekauka. Aliikwangua, akapaka upya, na mbwa akamuuma tena.

Aliikwangua gundi mara nyingine, na nyingine. Jua lilikuwa limeondoka kizingitini pale Mkaguzi alipolinusa taulo, akalivuta pembeni, akaanza kulitafuna kwa kununa.

Fundi alitaka kumwita mkewe aje aone. Lakini gundi ilikuwa imeshika. Alikandamiza kisigino mahali pake kwa mikono miwili, akakishikilia hapo.