Picha Kabla ya Maji

Bimdogo alikuwa ndani ya kisima cha uani, amepiga magoti juu ya saruji iliyopasuka, akikwangua tope kwa kopo la rangi, aliposikia boza la maji likiunguruma barabarani. Juu yake Furaha, bintiye, alikuwa ameshika kamba ya ndoo.

"Mama, maji hayo."

"Nani katangaza?"

Yalitangazwa kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Bimdogo alijitoa humo siku alipoiona ile stika: Furaha wake, kidato cha tatu, amepiga magoti chini ya mpira wa boza, mdomo wazi, blauzi ya shule imeloa ikamganda kifuani. Picha aliipiga mtendaji wa kijiji, kwa ajili ya wafadhili, akaitupia kwenye grupu. Vijana wakaikata, wakaigeuza stika, wakaichekea Newala nzima, ikateremka hadi Masasi. Darasani wavulana walimpokea Furaha kwa kuachama midomo. Alifuta kila kitu simuni. Simu yenyewe wakaibadilisha kwa kiswaswadu kisicho na intaneti. Wiki hii tu ndiyo alikuwa ameanza kukaa darasani bila kulalia dawati.

"Wewe baki," Bimdogo alisema, akapanda ngazi, akachukua madumu.

Boza lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji. Ndoo zilikuwa zimepangwa, ila mpira ulikuwa umefungwa. Mtendaji, Elineema, kijana aliyeletwa na kazi kutoka huko kaskazini, alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi. Bimdogo alimzidi umri. Hata hivyo ndiye aliyemwamkia.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, Mama Furaha. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Binti. Ile picha yake ndiyo iliyolileta boza hili. Sasa wafadhili wanataka nyingine, anakunywa huku anacheka. Waone msaada umefika. Kabla ya hapo mpira haufunguliwi."

"Nilikuja kukuomba uifute ile ya kwanza. Ukasema niandike kwenye grupu."

"Na wewe ukajitoa. Malalamiko ya mtu aliyejitoa nitayasomea wapi?"

Wanawake wakacheka, cheko kavu la watu wenye kiu.

"Una binti yako, Happiness," Bimdogo alisema. "Anasoma bweni. Mpige picha yeye."

Elineema aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Happiness hana kiu, mama."

Bibi yake Bimdogo alipigwa picha akiwa na mtungi kichwani, na mzungu aliyesema bomba linakuja. Mama yake alipigwa akiwa ameshika jembe, siku ya kuzindua mtaro wa bomba hilohilo. Picha ziliondoka na waliozipiga. Mtaro uliota mikorosho, na mikorosho ile sasa imezeeka.

"Mimi natuma ripoti tu," Elineema alisema. "Mfadhili hanywi maji, mama. Anakunywa picha."

Paskalia, jirani wa ukuta kwa ukuta, akatoka kwenye foleni.

"Mama Furaha, mapacha wangu wanaharisha tangu jana. Picha haimli mtu."

"Imemla wangu."

"Wako anatembea. Wangu hawanyanyuki."

Hakungoja jibu. Alimshika mkono Sophia, mwenzake wa foleni, wakashika njia ya nyumbani kwa Bimdogo. Bimdogo aliwatazama. Miguu ya kuwakimbilia alikuwa nayo. Akayaweka madumu chini, akasimama palepale.

Walirudi na Furaha katikati yao, kila mmoja amemshika mkono wake, kama watu wanaompeleka mgonjwa zahanati. Hakumtazama mama yake.

"Piga magoti, mwanangu, kama siku ile," Elineema alisema. "Halafu cheka."

Dereva akalegeza mpira. Furaha akafungua mdomo.

"Hujacheka. Rudia."

Akarudia.

"Umefumba macho. Rudia."

Safari hii maji yalimpalia, yakamtoka puani, yakamtiririka kidevuni hadi vumbini. Foleni nzima ikaguna. Paskalia akasukuma beseni lake chini ya kidevu cha Furaha. Sophia akasukuma lake. Yakaja mengine, yakagongana, yakambana magotini.

"Toeni mabeseni, yanaonekana!"

Hakuna aliyetoa. Elineema akanyoosha mkono juu zaidi, akaisogeza simu usoni mwa msichana.

"Haya. Rudia."

"Usimeze yote, mwanangu," Paskalia alimnong'oneza Furaha, akilinganisha beseni. "Mwaga."